Kusomea sheria Uganda: njia ya kutoka kidato cha sita hadi kuvaa joho

Matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, yakishatoka, simu yangu hujaa ujumbe. Wengi ni vijana wa kwetu mpakani, Busia, Malaba na Tororo, watoto wa madereva wa malori na wachuuzi, waliokizungumza Kiswahili kabla hawajakutana na Kiingereza cha darasani. Swali lao ni lile lile: "Dada, nimefaulu, nataka kuwa wakili. Nianzie wapi?" Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka nimechoka kurudia, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu nililijua nikiwa nimechelewa. Shahada ya sheria haikufanyi wakili. Baada yake kuna kozi nyingine, kuna jalada la mtu aliye ndani, kuna mama anayekusubiri nje ya mahakama. Anayezoea hayo tangu mwaka wa kwanza huifikia siku ya kuapishwa akiwa anajua kazi. Anayengoja mpaka amalize masomo huanza upya akiwa na deni la ada mgongoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha chuo kabla ya kulipa

Vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi sasa: Makerere, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kule Mukono, Chuo Kikuu cha Kiislamu, KIU (Kampala International University), Gulu, Nkumba na vingine. Usichague kwa bango la barabarani. Kozi ya sheria lazima iwe imeidhinishwa na Baraza la Sheria, chombo kinachosimamia elimu na nidhamu ya mawakili, na idhini hiyo inaweza kuwekewa masharti au kusimamishwa. Nenda na swali moja ofisini kwa msajili wa chuo: kozi hii ina idhini ya Baraza mwaka huu? Omba uonyeshwe kwa maandishi. Kama karani anaanza kuzungukazunguka, ondoka na pesa yako.

Ukitaka Makerere, jiandae kwa mtihani wao wa kujiunga. Kufaulu UACE peke yake hakutoshi pale. Mtihani huo haupimi sheria, kwa hiyo usijisumbue kukariri Katiba. Unapima kama unaweza kusoma habari ndefu, kuona hoja iko wapi na kuandika jibu linaloshikana. Soma tahariri za magazeti kila siku kwa miezi miwili, kila moja uifupishe kwa sentensi tatu. Mimi sijui maandalizi bora kuliko hayo.

Asiyepata alama za kuingia moja kwa moja asikate tamaa. Diploma ya sheria ni mlango halali, na nimesoma na watu walioupitia wakaja kutupita wote darasani, kwa sababu wao walishaona hati ya mashtaka ikoje kabla yetu.

Hatua ya pili: jifunze kusoma kesi

Mwaka wa kwanza utakutana na sheria ya katiba, ya jinai, ya mikataba na ya madhara, yaani ya fidia kwa aliyeumizwa au kuharibiwa mali. Mhadhiri atataja kesi ishirini kwa saa moja. Wanafunzi wengi hukimbilia muhtasari wa wenzao waliotangulia, karatasi zilizonakiliwa mpaka herufi zimefifia, zenye makosa yanayorithiwa mwaka hadi mwaka. Usifanye hivyo. Hukumu zetu zipo bure kwenye intaneti, katika hifadhi ya ULII, na simu ya kawaida inazifungua.

Anza na kesi moja uisome yote. Ningekushauri ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Susan Kigula na wenzake 417. Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Yeye na wafungwa wenzake wakaenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba adhabu ya kifo yenyewe haipingani na Katiba, ila kumlazimisha jaji aitoe bila kuangalia mazingira ya kosa ni kinyume cha Katiba. Ikasema pia kwamba kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akingoja kitanzi, baada ya rufaa yake ya mwisho kukataliwa, ni ukatili, na adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gereza la Luzira, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, na alitoka mwaka 2016. Mimi kesi hii hunitia nguvu kila nikiirudia. Watu waliokuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wafu ndio walioibadilisha sheria ya nchi.

Ukimaliza kuisoma, chukua karatasi moja, moja tu, uandike kwa mkono: nani anadai nini dhidi ya nani, mambo yaliyotokea kwa mistari mitano, swali ambalo mahakama iliulizwa, jibu, na sababu ya jibu kwa maneno yako. Ikizidi karatasi moja, hujaielewa. Rudia. Kesi ya kwanza itakula jioni nzima. Ya thelathini itakula nusu saa.

Hatua ya tatu: kaa kwenye benchi la nyuma

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote, pengine kwa sababu haina alama wala cheti.

Mahakama zetu huendeshwa hadharani. Huhitaji barua kuingia. Vaa nguo za heshima, zima simu, ingia kabla ya saa tatu asubuhi, inama kidogo kuelekea kiti cha hakimu, ukae nyuma. Anza na mahakama ya hakimu, maana huko ndiko wananchi walio wengi wanakokutana na sheria: wizi wa kuku, deni la duka, ugomvi wa mpaka wa shamba. Mahakama Kuu itakuja baadaye.

Nenda na daftari. Usiandike kila kitu. Siku ya kwanza angalia karani tu: anaitaje kesi, majalada ameyapanga vipi, hakimu akiuliza "jalada la polisi liko wapi" nani anahangaika. Siku ya pili angalia mwendesha mashtaka. Siku ya tatu angalia wakili anapomhoji shahidi, hasa pale anaponyamaza. Wakili mzuri huuliza swali fupi, akipata jibu analolitaka hukaa chini. Yule mchanga huuliza swali moja la ziada, na hilo la ziada humharibia kesi nzima. Nimeliona hilo mara nyingi, na mimi pia nimelifanya.

Kuna jambo lingine utaliona ukiwa mzungumzaji wa Kiswahili. Lugha ya mahakama ni Kiingereza. Mshtakiwa asiyekijua ana haki, kwa ibara ya 28 ya Katiba, kupewa mkalimani bila kulipa. Sasa sikiliza vizuri ukalimani unavyokwenda. Mshtakiwa anaeleza kwa dakika nzima, karani anatoa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo inayoandikwa na hakimu, ndiyo itakayosomwa kwenye rufaa. Ukizoea kusikia kilichopotea njiani, umepata ujuzi ambao wenzako wengi hawana.

Hatua ya nne: maisha ya chuoni, kwa ufupi

Chumba cha Kikoni au Nakulabye, mitaa ya jirani na Makerere, kinachagulika kwa mambo mawili: maji na umbali wa kutembea usiku ukitoka maktaba. Mengine ni mapambo. Rolex ya Wandegeya, chapati iliyoviringishiwa mayai, itakulisha siku nyingi na kikomando, chapati kwa maharagwe, kitakulisha zilizobaki, lakini tenga pesa ya mboga, mwili ukiisha akili haifanyi kazi. Suti nyeusi usinunue dukani. Nenda Owino, soko la mitumba la Kampala, asubuhi na mapema siku za katikati ya wiki, tafuta koti zito la mabega yaliyokaa sawa, mpelekee fundi apunguze mikono. Langu la kwanza lilinivusha chuo na likanifikisha kwenye kuapishwa.

Unda kundi la kusomea la watu wanne au watano. Zaidi ya hapo ni mkutano.

Hatua ya tano: mazoezi kabla ya mazoezi rasmi

Kila chuo kina mashindano ya mahakama ya mfano, ambapo wanafunzi hupewa kesi ya kubuni na kuitetea mbele ya majaji. Kuna ya kitaifa, na kuna ya haki za binadamu ya Afrika nzima yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Jiandikishe hata kama unaogopa kusimama. Ukishindwa kusema, omba kuwa mtafiti wa timu. Kuandika hoja ya kurasa ishirini, kila dai likiwa na kesi nyuma yake, kunafundisha kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Halafu kuna kliniki za sheria. Makerere wana kliniki ya sheria kwa maslahi ya umma, na pia Refugee Law Project, mradi wa sheria kwa wakimbizi, ulioanza mwaka 1999. Nje ya chuo kuna FIDA Uganda, mawakili wanawake walioanza kusaidia wanyonge tangu miaka ya sabini. Likizo ndefu omba nafasi mahali kama hapo, au ofisi ndogo ya wakili katika mji wa nyumbani kwenu. Nasema ndogo kwa makusudi. Kwenye ofisi kubwa ya Kampala utapewa kunakili nyaraka na kubeba majalada. Kwenye ofisi ya vyumba viwili kule Tororo, wakili akiwa mahakamani ni wewe utakayeachwa na mteja anayelia.

Ukiachwa naye, usikimbilie kalamu. Mwache aseme mpaka amalize, hata akianza na habari za mwaka juzi. Kisha mwambie, "Mama, nirudishie tena taratibu, tuanze na siku yenyewe." Sasa andika. Mara ya tatu wewe ndiye umsimulie, akusahihishe. Kama ni ardhi, mpe karatasi achore: mwembe uko wapi, njia inapita wapi, nani alipanda michongoma ya mpakani na lini. Mchoro wa mzee asiyejua kusoma umewahi kunifafanulia mgogoro ambao nyaraka zake zilikuwa zimenivuruga kabisa.

Hatua ya sita: LDC

Baada ya miaka minne ya shahada unakwenda Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1970. Makao yake ni barabara ya Makerere Hill jijini Kampala, na kina matawi Mbarara na Lira. Hapo unasomea diploma ya uzamili ya kazi za uwakili, karibu miezi tisa, na ni miezi inayokamua watu. Sheria uliyoisoma chuoni kama maarifa sasa unaifanyia kazi: uendeshaji wa kesi za madai, za jinai, mambo ya familia, miamala ya ardhi, na kazi za makampuni na biashara.

Mnapangwa makundi, kila kundi likiwa kama ofisi ya mawakili. Mnapewa maelezo ya mteja, mnaandaa nyaraka pamoja, kisha mnakaa mbele ya mwalimu na yeyote anaweza kunyanyuliwa atetee kazi ya kundi. Hapo ndipo wanaojificha nyuma ya wenzao huumbuka. Ushauri wangu: usikubali kugawana mada, yaani wewe utafute sheria, yule aandike madai, huyu hati ya kiapo. Kila mtu aandike kila hati, hata vibaya, kisha mlinganishe. Inachukua usiku, lakini mtihani nao hautakuuliza mada yako peke yake.

LDC ina kliniki ya msaada wa kisheria, na kanuni za mwaka 2004 zinamruhusu mwanafunzi wa kozi hiyo kusimama katika mahakama ya hakimu kumtetea mtu asiye na uwezo, chini ya usimamizi wa wakili. Usiikose nafasi hiyo. Nitakueleza yangu ilivyokuwa.

Nilipewa kijana wa miaka kumi na tisa aliyeshtakiwa kuiba simu, yuko mahabusu Luzira. Kwa ajili yake nikaisoma nzima ibara ya 23 ya Katiba, ile ya uhuru wa mtu na dhamana. Nikaandika hoja za dhamana kurasa nne, na hukumu tatu juu yake. Asubuhi ya kesi mama yake alikuja na mjomba, wadhamini wangu wawili, amebeba mfuko wa plastiki wenye shati safi na viatu, mwanawe avae wakitoka. Nikasimama, nikaongea vizuri. Hakimu akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mdhamini wa kwanza anaishi wapi?" Mama akajibu, Bwaise. Barua ya LC, yaani ya uongozi wa kijiji au mtaa, aliyokuwa nayo ilitoka kijijini kwao Iganga. Mjomba hakuwa na barua kabisa. Mwendesha mashtaka hakuhitaji kusema zaidi ya sentensi moja. Ombi likaahirishwa kwa wiki mbili, kijana akarudi Luzira na mama akarudi Bwaise na mfuko wake. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, barua ile si nzuri?"

Nilikuwa nimesoma kila kitu ila nilichotakiwa kumuuliza yule mama. Tangu siku ile, kabla ya ombi lolote la dhamana, nakutana na wadhamini siku mbili kabla na kukagua kwa macho yangu: kitambulisho cha taifa, chenyewe na nakala, barua ya mwenyekiti wa LC1 wa mahali mdhamini anapoishi sasa, yenye muhuri, tarehe ya karibuni na namba ya simu ya mwenyekiti, barua kama hiyo ya mshtakiwa mwenyewe, kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu, na jina lisipofanana kwenye kitambulisho na barua, hata kwa herufi moja, irudishwe ikarekebishwe. Halafu namuuliza mdhamini anieleze kwa maneno yake itakuwaje mtuhumiwa akitoroka. Asipojua, namweleza mpaka ajue, kwa sababu hakimu atamuuliza. Wiki mbili baadaye ombi lile lilichukua dakika sita. Kurasa zangu nne hakuna aliyezigusa.

Na kwa kuwa utaulizwa na kila jamaa yako tangu siku uingie chuo: dhamana ya polisi haina malipo. Wala polisi haruhusiwi kumweka mtu zaidi ya saa arobaini na nane bila kumfikisha mahakamani. Ukienda kituoni kuuliza habari za ndugu, msalimie afande kwa heshima, kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha ya kikosi, eleza wewe ni nani, uliza namba ya jalada na jina la mpelelezi. Sauti ya upole na namba ya jalada hufungua milango ambayo vifungu vya Katiba vikisomwa kwa ukali huifunga.

Hatua ya saba: kuandikishwa

Ukifaulu LDC, unaomba Baraza la Sheria likupe cheti cha kustahili, kisha Msajili Mkuu wa Mahakama anakuandika kwenye orodha ya mawakili. Ndipo joho. Unakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Uganda, kilichoanzishwa 1956, na unalipia leseni ya kila mwaka ambayo mwisho wake ni tarehe 31 Desemba. Bado hutafungua ofisi yako kesho yake. Utafanya kazi kwanza chini ya wakili mwenye ofisi iliyokaguliwa. Chagua wakili huyo kwa namna anavyowatendea makarani wake, sio kwa ukubwa wa gari lake. Na kila mwaka kanuni zinakudai saa arobaini za kuwahudumia wasio na uwezo bila malipo. Zifanye.

Mashauri mengi sasa yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama, ECCMIS, ulioanza 2022. Jifunze kuutumia ukiwa bado mwanafunzi wa mazoezi, wakili mkubwa ofisini atakupenda kwa hilo pekee.

Hatua ya nane: pa kwenda

Sio kila aliyesoma sheria lazima asimame mahakamani. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka huajiri waendesha mashtaka. Tume ya Utumishi wa Mahakama hutangaza nafasi za hakimu wa daraja la kwanza, na kwa anayependa kuamua kuliko kubishana, hiyo ni kazi nzuri yenye mzigo mzito. Benki, kampuni za bima na halmashauri za wilaya zinahitaji wanasheria wa kuandika mikataba. Wakili kijana wa mikoani hujipatia uzoefu kwa kesi za mauaji na nyinginezo zenye adhabu ya kifo au maisha, ambazo serikali ni lazima imlipie mshtakiwa wakili. Malipo ni madogo na huchelewa, lakini hakuna shule kama hiyo. Arusha nako kuna Mahakama ya Afrika Mashariki.

Njia ambayo wenzetu wa Kiswahili wanaisahau ni ya wakimbizi. Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II zimejaa watu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inahitaji watu wa kuwasimamia. Nilifanya huko miezi kadhaa. Nikapewa jalada la mama mmoja ambaye ombi lake lilikataliwa kwa kuwa eti anajipinga. Mahojiano ya kwanza yaliandikwa kwa Kiingereza kwamba kaka yake aliuawa. Ya pili, kwamba hana kaka, kwao walizaliwa wasichana watupu. Mkaguzi akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi zote mbili.

Nilimwomba anisimulie tena, kwa Kiswahili chake. Akasema, "Ndugu yangu walimuua shambani." Nikamuuliza, "Ndugu wa tumbo moja, mama?" Akanishangaa. "Hapana. Mtoto wa baba mdogo. Si ni ndugu?"

Nikaandika hati ya kiapo ya kurasa mbili, nikieleza neno *ndugu* lina upana gani, nikaambatanisha mchoro wa ukoo wake alioutaja jina kwa jina. Tukaipeleka kwenye rufaa Jumatatu iliyofuata.